Maksai mwenye moto mfundishe kusimama kwanza

Mnadani watu wameshanizoea: nitakwenda moja kwa moja kwa yule njeku ambaye wenzangu wamemkimbia. Masikio hayatulii, macho yamemtoka, kamba ameikaza mpaka kijana anayemshika analalamika. Mwenye mali anataka kumwondoa haraka, bei inashuka, nami namchukua. Kwa plau namtaka huyo. Mpole wa kuzaliwa mara nyingi ni mvivu pia, na mvivu utamsukuma kila msimu hadi azeeke.

Huku Nachingwea ng'ombe wa kulima si urithi wa mababu. Sisi Wamwera tumelima kwa jembe la mkono. Waingereza walileta matrekta ya mpango wao wa karanga mwaka 1947, na kufikia 1951 walikuwa wameshaukunja. Maksai tumewazoea zaidi baada ya 2006, wafugaji wa Kisukuma walipoanza kuhamia mkoa wa Lindi kutoka Usangu, na jirani yangu, mzee wa huko, ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufunga nira. Ila hili la kusimama nimelishika kwa kutazama farasi kwenye simu. Ni ule mchezo wa Olimpiki ambapo farasi anakwenda kwa madaha ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60, na aliye juu yake unaweza kudhani hafanyi kitu. Nikapima uwanja kama huo nyuma ya zizi, nikachomeka vigingi. Wanangu walicheka sana. Ndiko ninakofundishia hadi leo.

Mengi ya farasi hayamhusu ng'ombe, lakini hili linamhusu: legeza mara tu anapotii. Nasema "simama", nakaza kamba, naye akisita hata kwa hatua moja, kamba inalegea papo hapo. Kule kulegea ndiko kunakomfundisha. Ukichelewa kidogo, ameshahamia jambo jingine, pengine anatikisa pembe, nawe umemlipa kwa kutikisa pembe. Wengi ninaowaona mashambani hufanya kinyume. Ng'ombe ameshasimama, wao bado wamemshikilia kwa nguvu, eti asikimbie. Mwenye moto akibanwa bila sababu ndipo anapokimbia.

Umri mzuri ni miaka 2 hadi 3, akiwa ameshahasiwa na kidonda kimepona. Siku za mwanzo mfunge kwenye mwembe mkubwa, kamba ikiwa usawa wa kichwa chake na fupi kiasi cha kutomnasa miguu. Mkorosho haufai, matawi yake yapo chini mno. Agombane na mti, asigombane na wewe. Akichoka kuvuta, msogelee, mpapase shingo na mgongo kwa mkono, kisha kwa gunia tupu. Baada ya hapo mtembeze uwanjani kwa kamba: twende, simama, twende, simama. Asubuhi tu kabla ya jua kali, na uishie pale alipofanya vizuri hata kama unatamani kuendelea.

Akishasimama kwa neno peke yake, bila kamba kukazwa, mfungie nira na maksai mzee aliyetulia. Chagua upande na usiubadilishe. Wa kulia abaki kulia, kwa sababu huyo ndiye atakayezoea kutembea ndani ya mfereji wa plau.

Kinachomvuruga zaidi mwenye moto ni kelele za nyuma yake, hasa mnyororo. Usimfungie mara moja. Mpe mtu auburute mbele, yeye na mwenzake waufuate. Ng'ombe hakiogopi sana kitu kinachomkimbia. Kisha uburutwe ubavuni, mwisho nyuma. Ndipo lije gogo jepesi, halafu plau kwenye shamba lililolimwa mwaka jana. Jozi ya ng'ombe wetu wa asili huvuta kwa raha sehemu kama ya kumi ya uzito wao, kwa hiyo kumtwisha gogo kubwa ili "aishiwe nguvu" ni kumfundisha kulala chini. Akishajifunza kulala chini, mpeleke tu buchani.

Mimi huanza Juni, majani yakiwa bado yapo na mvua za kulimia bado ziko mbali. Tatizo la Juni ni salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Alfajiri hiyo hiyo unayoitaka ndiyo mashine za kupulizia mikorosho zinaponguruma kila upande. Sizikimbii. Nasimama naye mbali, mashine ikisikika, namwacha aitazame mpaka ashushe kichwa, kisha tunasogea kidogo. Korosho za jirani lakini kaa nazo mbali kabisa, ng'ombe na maua ya mkorosho ni kesi ya ofisi ya kijiji.

Katika jozi, mwenye moto atatangulia na nira itakaa mshazari. Usimchape yule wa nyuma, hana kosa. Zungusha jozi kwenye duara pana, mwenye moto akiwa upande wa nje ambako safari ni ndefu zaidi. Ikiwa bado anamburuta mwenzake, sogeza kidogo pete ya katikati ya nira kuelekea upande wake, mzigo utamwelemea yeye zaidi na hatua zitalingana.

Na akipoa ghafla, usishangilie. Huku kwetu kuna mbung'o, na maksai aliyekuwa anapaa juzi na leo anatembea kama mwanakondoo huenda ana nagana, ugonjwa anaouambukiza mbung'o huyo. Funua kope uone kama ndani pamekuwa peupe, tazama kama manyoya yamesimama, mpime joto. Likizidi nyuzi 39.5 muite afisa mifugo siku hiyo hiyo, nira iwekwe pembeni. Akipona mwache ale mpaka mbavu zipotee, kisha mrudishe uwanjani kwa kamba tupu, kuanzia "simama".