Maswali na Majibu: Matarumbeta Yakipandisha Sauti Juani

Swali: Shikamooni. Asubuhi tukilinganisha sauti ndani ya ukumbi tuko sawa. Tukishawatembeza maharusi barabarani saa sita mchana, ala zinagombana. Je, ni mbovu? (Mwalimu wa bendi, Moshi)

Jibu: Marahaba. Ala ni nzima. Kinachopanda ni sauti ya hewa iliyo ndani ya bomba: hewa ikipata joto, mawimbi ya sauti hupita kwa kasi zaidi, na noti hupanda takriban senti 3 kwa kila nyuzi 1 ya joto (nusu toni ni senti 100). Shaba nayo hutanuka, ila kidogo sana, tena hilo hushusha sauti badala ya kuipandisha.

Dawa ni kuvuta bomba la kulinganishia (kipande chenye umbo la U kinachoteleza kurefusha ala), na hapa wengi hukosea kwa kuvuta wote kipimo kimoja. Bomba hilo lina mikono miwili, kwa hiyo ukivuta milimita 5, njia ya hewa hurefuka milimita 10. Tarumbeta ya B flati, yenye bomba la mita 1.4 hivi, hapo hushuka kama senti 12. Tromboni na yufonia (ala kama tuba ndogo) ni ndefu mara mbili yake, basi zivutwe milimita 10. Tuba ya B flati ni mara nne: milimita 20. Mpiga tuba akivuta 5 kama wenzake, anabaki juu, na kwa kuwa yeye ndiye msingi, bendi nzima husikika imepinda.

Linganisheni nje, kivulini, baada ya kupuliza dakika 5 hivi ili ala zipate joto la pumzi. Tuba itangulie, wengine waifuate. Msiziache ala juani mkisubiri maharusi watoke, maana kwa kawaida huchelewa.

Swali: Valvu ya pili ya tarumbeta yangu (pistoni ninayobonyeza kwa kidole kubadili noti) inanata. Huwa natia mafuta ya nazi. (Mpigaji, Mbeya)

Jibu: Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Julai huko kwenu ni baridi kuliko hapo. Ya kupikia ni mabaya zaidi, hugeuka gundi. Toa valvu moja moja. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, futa na silinda yake, tia matone 3 hadi 5 ya mafuta ya valvu, irudishe huku ukiizungusha taratibu mpaka iingie mahali pake. Valvu zina namba 1, 2 na 3. Ukizichanganya, pumzi haipiti.

Ikizidi kunata, kagua silinda. Kibomba cha valvu ya pili kimechomoza ubavuni, na ala ikilazwa upande huo au ikigongwa, silinda hubonyea. Hiyo ni kazi ya fundi. Usiisugue kwa msasa. Ukiilaza tarumbeta, kibomba hicho kitazame juu.

Swali: Kwa nini tromboni hupangwa safu ya mbele? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Mkono wake wa kuteleza ukinyooshwa wote huchomoza zaidi ya nusu mita. Safu ya nyuma ungemgonga kisogo aliye mbele.

Swali: Kipulizio kimekwama. Nikivute kwa koleo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hapana. Koleo hukisokota kipulizio pamoja na bomba linalokishika, na viungio vyake huachia. Mafundi wa ala wana kifaa maalumu kinachokitoa moja kwa moja bila kusokota. Baadaye kiingize kwa kukizungusha kidogo tu, na usikipige kwa kiganja.