Karatasi ya makazi kwanza, pesa baadaye

Mmeniuliza kwa zamu, kila mtu kwa maneno yake, lakini swali ni moja: mtoto wa shangazi amepata nafasi ya kusoma lugha ya Kikorea Seoul, Korea Kusini, kuna familia ya Kikorea itamkaribisha nyumbani kwao, sasa si ndiyo ameshatoka? Atakula, atafuliwa nguo, jioni atafanya kibarua kidogo, na ikifika Desemba hela zinaanza kuingia nyumbani. Nusu ya hayo mmeyatoa kwenye tamthilia na nusu kwa dalali wa viza. La kweli ni kula tu, na kula kwenyewe kunalipiwa.

Familia inayopokea wanafunzi inakodisha chumba. Wanaweza kuwa watu wema sana, lakini kodi ni kodi. Kwa Seoul, chumba pamoja na chakula cha asubuhi na jioni tegemeeni won (pesa ya Korea) 700,000 hadi 1,000,000 kwa mwezi, au zaidi. Ada ya shule iko kando: muhula ni wiki 10, saa 200 za darasani, mihula minne kwa mwaka, na vyuo vikubwa vya hapo vinatoza karibu won 1,800,000 kwa muhula mmoja. Mikoani kuna nafuu. Pigeni hesabu kabla hamjauza kiwanja.

Ila pesa siyo inayowaliza watu kwanza. Kinachowaliza ni sahihi ya mwenye nyumba.

Viza ya kusoma lugha ni D-4. Ndani ya siku 90 tangu kuingia, mtoto lazima ajiandikishe Uhamiaji apate kadi ya mkazi. Anapeleka pasipoti, picha, fomu, cheti cha shule, na uthibitisho wa mahali anapoishi. Hicho cha mwisho, anayekaa bweni hupewa na chuo. Anayekaa na familia hana mkataba wenye jina lake, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kujaza karatasi ya kuthibitisha kwamba amempa makazi, aisaini, aambatanishe nakala ya kitambulisho chake, na mara nyingi pia mkataba wa nyumba yenyewe. Hapo ndipo mama mkarimu wa kwenye picha anaanza kusema kesho, keshokutwa. Wengine wamepanga na mwenye jengo hajui kama kuna mgeni ndani. Wengine hawataki kipato hicho kionekane kwa watu wa kodi. Wengine ni woga tu wa kusaini kitu kwa ajili ya mgeni. Wakati huo siku zinakwenda, maana miadi ya Uhamiaji inawekwa mtandaoni, na mwezi Machi na Septemba, shule zinapofunguliwa, nafasi hujaa wiki nyingi mbele. Akichelewa ni faini, na rekodi ya faini itamsubiri siku anaomba kuongezewa viza.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata amana, mtoto aandike ujumbe kwa Kikorea, auhifadhi, aulize: mtanisainia uthibitisho wa makazi? Nyumba ni yenu au mmepanga? Mkataba uko kwa jina la nani? Mtu mwaminifu hakerwi na maswali hayo. Akijibu "njoo tu, tutaona", hakuna kwenda.

Bila kadi hawezi kusajili laini ya simu ya mkataba kwa jina lake, na benki nayo inakuwa kazi. Na huko simu ndiyo mtu mwenyewe: kununua kitu mtandaoni, kukata tiketi, kufungua programu ya benki, kila mahali inatakiwa namba iliyosajiliwa kwa jina lako ithibitishe kwamba wewe ni wewe. Sisi wenye majina matatu tunaumia zaidi. Benki inakata jina la mwisho, duka la simu linaunganisha mawili ya kwanza, basi mashine inasema huyu si yule. Dawa yake ni ndogo: jina liandikwe kama lilivyo kwenye kadi, mpangilio uleule, nafasi zilezile, na karani amgeuzie kioo cha kompyuta asome kabla ya kubonyeza. Akihama nyumba, hata kama ametoka kwa ugomvi, aripoti anwani mpya kabla ya wiki mbili kwisha.

Sasa kibarua. Miezi sita ya kwanza hakuna. Baada ya hapo anaomba kibali: mwajiri anajaza fomu, shule inasaini, Uhamiaji wanaamua. Kazi za ujenzi asiziguse. Hata akipewa saa 20 kwa wiki, ambazo zinategemea kiwango chake cha Kikorea, kwa kima cha chini cha mwaka 2025, won 10,030 kwa saa, wiki nne ni won 802,400. Kodi ya chumba inazimeza karibu zote, na ada haijaguswa. Akianza kukosa darasa kwa sababu ya kazi, mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 80 kwa kawaida muhula umekufa, na Uhamiaji hutazama mahudhurio hayohayo. Mkisikia mtoto wa fulani ametuma hela mwezi wa tatu tangu afike, msimsifu. Muulizeni anafanya kazi gani na kwa kibali cha nani. Na huyu wenu akikaa kimya mwaka mzima bila kutuma kitu, msimwite mchoyo. Hana.

Bima ya afya ya taifa nayo humwingiza mwenye D-4 baada ya miezi sita. Kabla ya hapo awe na bima ya kulipia mwenyewe. Jino moja tu linaweza kula kodi ya mwezi.

Ushauri wangu basi: aende bweni.

Lakini kama kweli anataka lugha, akae na familia. Ndiyo, najua nimesema nini hapo juu. Darasani atajifunza sarufi, ila adabu ya kusema na mtu mzima ataipata mezani. Kikorea hakina shikamoo ukaisema mara moja ukamaliza. Heshima inakaa mwishoni mwa kila kitenzi, sentensi baada ya sentensi. Wageni huharibu kwa kuiga watoto wa nyumba: mtoto anamwuliza mwenzake "bap meogeosseo?", umekula?, mgeni anaibeba hivyohivyo kwa bibi. Kwa bibi ni "jinji deusyeosseoyo?". Akitoka aage "danyeoogesseumnida", kwamba anakwenda na atarudi. Kijiko asishike kabla mkubwa hajaanza, bakuli la wali libaki mezani, vijiti asivisimamishe ndani ya wali, maana hivyo ni vya msiba. Kupokea ni kwa mikono miwili. Hilo analijua.

Kama hali nguruwe, aseme siku ya kwanza na ataje vitu: nyama ya kopo, soseji, supu ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa, na kimbap, wali wa kuviringishwa kwenye mwani, iliyotiwa nyama ya nguruwe ya kusindika. "Sili nyama ya nguruwe" wengi huielewa kuwa vipande vya nyama tu. Dagaa asibebe, wapo, wanakaangwa kwa soya na sukari, atazoea.

Baridi, Januari Seoul hushuka hata nyuzi kumi chini ya sifuri. Sakafu ndiyo jiko la nyumba, maji ya moto yanapita chini yake, na hupata joto taratibu. Mtoto wa pwani hupandisha kidude cha ukutani hadi mwisho, akisikia joto anafungua dirisha, na bili ya gesi ikija uso wa mama umebadilika. Apandishe nyuzi moja, asubiri. Wakitoka siku kadhaa asizime boila kabisa, mabomba yataganda. Kuna kitufe cha "oechul", yaani nimetoka.

Taka ya chakula inatengwa, lakini mifupa, maganda ya mayai na ya vitunguu yaende kwenye mfuko wa kawaida wa manispaa, kwa sababu mabaki mengi ya chakula husagwa kuwa lishe ya mifugo au mbolea. Akikosea, anayegombezwa na majirani ni mwenye nyumba.

Mkishapata jibu la ile familia kuhusu sahihi, nitumieni picha ya jibu hilo niisome kabla hamjaenda benki.