Usiyatie lamineshini majarida ya mjomba wako, wala usimpe fundi ayajalidi

Usiyapeleke. Ndugu mleta uzi, umeandika kwamba marehemu mjomba wako amekuachia sanduku la bati lenye majarida ya katuni ya Sani ya miaka ya 1980 na majarida kadhaa ya hadithi za picha ya African Film ya miaka ya 1960, kwamba wiki hii utayatoa majalada uyatie lamineshini "yasichakae tena", na kwamba kurasa za ndani zitakwenda kwa fundi ambaye tayari umempa malipo ya awali ili azijalidi ziwe kitabu kimoja kinene. Halafu ukauliza ni selotepu gani inafaa kwa kurasa zilizochanika, majarida ya aina hiyo yanauzwa wapi na kwa bei gani, na utajuaje matoleo yanayokosekana. Waliotangulia kuchangia wamekupongeza kwa moyo wa kutunza mali ya marehemu. Mimi siwezi kukupongeza, kwa sababu ulichokipanga ndicho nilichokifanya kwa majarida ya baba yangu, hatua kwa hatua, na leo sina majarida.

Baba alikuwa karani wa reli, na majarida yake aliyapanga kwa mfuatano wa namba ndani ya kabati la nguo, chini ya mashuka, mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa kabla ya kunawa mikono na kuikausha. Humo ndimo nilimokutana na Lance Spearman, yule mpelelezi aliyeitwa Spear, mwenye kofia ya Panama, tai ya kipepeo na sigara nene mdomoni, akimwinda adui yake Rabon Zollo huku Sonia na kijana Lemmy wakiwa upande wake. African Film halikuwa jarida la michoro. Zilikuwa picha halisi za waigizaji, zimepangwa moja baada ya nyingine, na maneno ya wahusika yamepachikwa juu yake. Spear aliigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, na jarida lenyewe, lililotolewa na kampuni ya Drum, lilisomwa Lagos, Accra, Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ambayo mashujaa wengi wa hadithi za picha waliotufikia walikuwa Wazungu. Kumwona mtu mweusi akiendesha gari la kifahari, akiheshimiwa na polisi na kumaliza kila kesi aliyoianza lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto, na naamini lilikuwa kubwa kwa baba pia, ingawa hakuwahi kulitamka. Sani lilikuja baadaye, nami tayari nikiwa na umri wa kulinunua mwenyewe na kugombea zamu ya kuwasoma wahusika wake, akina Ndumilakuwili, Kipepe, Madenge na Lodilofa.

Unapaswa kuelewa kwa nini vitu hivi ni adimu. Si kwa sababu vilichapishwa vichache. Ni kwa sababu vilisomwa na watu wengi mno, vikaazimwa kutoka nyumba hadi nyumba, na vilipochoka vikafungiwa karanga na maandazi au vikamalizikia chooni. Nakala iliyonusurika miaka yote hiyo ikiwa na jalada lake imenusurika kwa bahati, na kwa mkono wa mtu fulani aliyeamua kuihifadhi. Mjomba wako alikuwa mtu wa aina hiyo, na baba yangu vilevile.

Sasa nikueleze kilichotokea. Mwenye steshenari niliyemwendea aliyashika majalada, akayageuza, akaniapia kwamba akiyatia lamineshini yatadumu miaka mia moja. Jalada la jarida ni karatasi moja iliyokunjwa, mbele na nyuma, na likifunguliwa linakuwa pana kuliko mifuko ya plastiki aliyokuwa nayo. Bila kuniuliza alilikata katikati, kwenye mkunjo wenyewe, akafanya hivyo kwa majalada yote, kisha akayapitisha kwenye mashine. Ile mashine huyeyusha gundi iliyo upande wa ndani wa plastiki kwa joto linalozidi nyuzi 100, na gundi hiyo ikipoa huwa imezama ndani ya karatasi. Siku ile yalionekana mazuri ajabu, yanang'aa, rangi zimekolea, nami nikamlipa na kumshukuru. Baada ya masika kadhaa kingo za plastiki zilianza kuachia, unyevu ukaingia na kukosa pa kutokea, na madoa ya kahawia yakatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Nikajaribu kulibandua jalada moja taratibu, kwa kucha. Spear aliyekuwa akiponyoka mikononi mwa Rabon Zollo toleo baada ya toleo hakuponyoka hapo: uso, kofia na ile sigara vilitoka na plastiki, na kwenye karatasi pakabaki manyoya meupe tu.

Fundi wa kujalidi alifanya vibaya zaidi, na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Ni fundi mzuri wa kazi za kila siku, yaani rejista za shule, tasnifu za wanafunzi na vitabu vya stakabadhi, na kazi hizo zote huanza kwa kuuweka mzigo kwenye mashine ya kukatia karatasi na kunyoosha pande tatu ili kitabu kiwe na kingo zilizolingana. Aling'oa pini, akayalundika majarida, akatoboa matundu upande wa mgongo, akashona, akapaka gundi ya moto, kisha akakata. Upande wa ndani mshono ulimeza sehemu ya picha, kwa hiyo kitabu hakifunguki vizuri na maneno yaliyo karibu na mshono hayasomeki. Upande wa nje kisu kilipita juu ya picha zilizofika ukingoni na kuondoka na herufi za mwisho za mazungumzo. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kila toleo baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa hati ndogo iliyolala upande wa kulia, kituo cha reli alikolinunua na jina la mtu aliyeliazima. Ukingo huo wote ulianguka sakafuni pamoja na vipande vya rejista za watu wengine, ukafagiliwa. Nilipouliza, fundi alinijibu kwamba nafasi nyeupe haina kazi na kwamba kila mteja hutaka kitabu kilichonyooka. Sidai kwamba alinidhulumu kwa makusudi, lakini nasema wazi kwamba mtu asiyejua kitu hana haki ya kumwapia mwenzake kwamba anakijua, na nasema hivyo hivyo juu ya waliokushauri hapo juu kwamba "lamineshini ni kinga". Wameona wapi jarida la miaka hamsini lililokingwa na lamineshini?

Sababu yake si siri. Karatasi ya majarida ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki lignini, ile dutu inayoupa mti ugumu wake. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka rangi na kuongeza asidi, asidi hukata nyuzi za karatasi, na joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana gazeti lililoachwa dirishani huwa la njano upesi na gazeti la zamani huvunjika linapokunjwa. Plastiki haiondoi asidi iliyo ndani ya karatasi. Inaifungia humo humo. Hata wataalamu wa nyaraka waliwahi kuponzwa na tamaa hii: tangu miaka ya 1930 William Barrow wa Virginia, Marekani, alieneza njia ya kuziba hati za kale kati ya tabaka za asetati ya selulosi, aina ya plastiki, kwa joto na mgandamizo, nyaraka nyingi zenye thamani zikapitishwa humo, na baadaye wahifadhi wakaiacha njia hiyo baada ya kuona plastiki yenyewe ikioza na kutoa asidi juu ya kile ilichotakiwa kukilinda. Kuzitenganisha hati hizo sasa kunahitaji maabara na viyeyushi. Ikiwa hazina za nyaraka za Marekani zinahangaika hivyo, sisi wenye mashine ya steshenari tutahangaikaje?

Kwa hiyo kanuni niliyobaki nayo ni moja, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko mengine yote uliyoyauliza: usilifanyie jarida jambo lolote ambalo kesho huwezi kulitengua. Pima kila ushauri kwa kanuni hiyo. Lamineshini haitenguki. Kisu hakitenguki. Selotepu haitenguki, kwa sababu gundi yake hupenya kwenye karatasi na kuwa kahawia, kisha utepe wenyewe hukauka na kudondoka huku doa likibaki milele. Ukurasa uliochanika ulaze ulivyo ndani ya karatasi safi iliyokunjwa, na kipande kilichokatika kiweke kwenye bahasha yenye namba ya toleo na ukurasa. Wahifadhi wenye mafunzo huziunga karatasi za namna hiyo kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, kwa kuwa gundi hiyo huachia kwa maji endapo itahitajika, lakini hata hilo lisubiri mtu anayelijua. Pini zenye kutu ziache pia, maana mkono usio na uzoefu huzing'oa pamoja na karatasi.

Ukidhani kwamba kutofanya lolote ni uzembe, zingatia mkusanyo wa Edgar Church wa Denver, Colorado, ulionunuliwa na mfanyabiashara wa majarida Chuck Rozanski mwaka 1977. Yalikuwa maelfu ya majarida ya michoro, mengi ya miaka ya 1930 na 1940, na yalitoka yakiwa karibu kama mapya, kurasa bado nyeupe. Church hakuyafanyia dawa yoyote. Yalilala kwenye marundo yaliyobanana, gizani, katika mji wenye hewa kavu. Wanaoyajua majarida ya kale huithamini hali hiyo kuliko usafi wa kutengenezwa. Kampuni ya CGC, ambayo tangu mwaka 2000 hupima hali ya majarida ya Marekani kwa alama hadi 10, huzipa nakala zilizorekebishwa lebo ya rangi tofauti, na wanunuzi huzikwepa au hulipa kidogo zaidi.

Sisi wa pwani hatuna ukavu wa Denver, kwa hiyo tunapaswa kuutafuta. Sanduku la bati ni zuri dhidi ya panya na mchwa, lakini hutoa jasho usiku na kushika kutu, kwa hiyo liinue kutoka sakafuni kwa matofali, litenge na ukuta wa nje, weka kadibodi safi chini na pembeni ili karatasi isiguse bati, na ulifungue siku za kiangazi hewa ipite. Yalaze majarida, usiyasimamishe, na marundo yawe mafupi. Ukitaka mifuko, tafuta ya plastiki ya poliesta au polipropileni iliyo wazi upande mmoja. Ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya mara nyingi ni PVC, na hiyo huharibu wino. Usipulizie dawa ya wadudu ndani. Ukitaka kuyasoma mara kwa mara au kuwaonyesha ndugu, yapige picha kwa simu kutoka juu, kivulini mchana, jarida likiwa limefunguka kadiri linavyokubali lenyewe bila kulikandamiza kwenye kioo cha skana, na uanze na pembe za kurasa, kwa maana huko ndiko kwenye maandishi ya mjomba wako kama aliwahi kuandika.

Kuhusu malipo ya awali uliyompa fundi, usiyahesabu kuwa hasara wala yasikulazimishe kuendelea. Mwombe kwa fedha hizo hizo akutengenezee makasha ya kadibodi yenye mifuniko, kwa kipimo cha jarida lililolala bila kukunjwa, kina kisichozidi kiganja kimoja. Kazi hiyo anaiweza vizuri, na anaweza kuimaliza bila kuushika ukurasa hata mmoja.