Maswali yenu: kulala kwenye kona za uwanjani, goti, futresti na vyuma vinavyokwangua

Nimekusanya maswali yanayojirudia sana kutoka kwa watu wanaokimbiza pikipiki uwanjani. La barabarani liko moja tu, nimelijibu kwa sababu linahusu maisha ya mtu.

Shikamoo mwalimu. Nalala kwenye kona mpaka tairi linafika ukingoni lakini goti haligusi lami. Wenzangu wanagusa na wala hawajalala kama mimi. Nakosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Goti tuliache kidogo, tuanze na kwanini watu wanatoa mwili nje ya siti. Pikipiki inalala kulingana na spidi na ukali wa kona, basi. Chukua kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50, ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa lazima wewe na pikipiki yako kwa pamoja mlale karibu digrii 45, hapo hakuna ujanja. Ila angalia hilo neno kwa pamoja, maana kinachohesabiwa ni uzito wenu wote wawili, kwahiyo ukiusogeza mwili wako ndani ya kona pikipiki yenyewe inaweza kubaki imesimama zaidi na bado mkapita kwa spidi ileile. Pikipiki ya kilo 180 na mtu wa kilo 75, akisogea ndani kama sentimita 20 tu, anaokoa kama digrii 5 hivi. Hizo digrii 5 ni kubwa mno, ndo akiba yako ya tairi na ndo nafasi kati ya vyuma na lami.

Sasa wewe nahisi unafanya kitu ambacho naona karibu kila siku ya mazoezi: makalio yametoka nje lakini kifua na kichwa vimebaki juu ya tangi, wengine vinaelekea hata upande wa nje wa kona. Hapo umejichosha bure, kwa sababu uzito mkubwa wa mtu uko kiwiliwili, kichwa na mabega. Toa nusu ya makalio tu sio yote, acha upana wa ngumi kati yako na tangi ili kiuno kisijipinde, alafu peleka kidevu kuelekea mkono wa ndani, kiwiko cha ndani kikunjwe kishuke, mkono wa nje ulale juu ya tangi. Macho yaende kule kona inakoishia. Ukikaa hivyo goti litagusa lenyewe siku likitaka, na likigusa ni kipimo tu cha kukwambia umelala kiasi gani. Usilitafute kwa kulitanua, ukilitanua sana unageuza nyonga na mwili wa juu unarudi nje.

Na mtindo huu sio wa juzi. Jarno Saarinen wa Finland, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki daraja la 250cc mwaka 1972, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa mwili ndani ya kona, alafu Kenny Roberts wa Marekani akaufanya uzoeleke, huyu alibeba ubingwa wa 500cc miaka mitatu mfululizo 1978 hadi 1980. Hawa wa MotoGP, mashindano ya juu kabisa ya pikipiki duniani, wa leo wanapita digrii 60 na kiwiko chini, lakini wana tairi laini za mashindano zilizopashwa moto kwa blanketi za umeme kabla hazijatoka pit, yaani gereji za pembeni ya uwanja. Usijipime nao kwa tairi za barabarani.

Futresti, kile chuma cha kukanyagia mguu, inakwangua lami kila kona ya kulia. Niikate au ninunue za kupandisha?

Kaka subiri kwanza, usikate kitu. Cheki ni nini hasa kinachogusa. Futresti nyingi za pikipiki za barabarani zina kibolti kirefu chini, kimewekwa makusudi kiguse kwanza kikupe taarifa, na futresti yenyewe inajikunja kwenda juu ikiguswa. Hiyo ikikwangua kidogo sio ajali. Hatari ni vile visivyojikunja: ekzosi, stendi, kava ya injini. Kimojawapo kikiegemea lami kinabeba uzito uliokuwa kwenye tairi, tairi linanyanyuka, na ukishafika hapo umeshaanguka, hakuna kipaji kinachokuokoa.

Watu wengi wanasahau pia kwamba kwenye kona pikipiki inakuwa fupi. Ukilala digrii 45 mzigo unaobonyeza shokapu unakuwa kama mara 1.4 ya ule wa ukiwa umenyooka, ukifika digrii 60 ni mara mbili kamili. Shokapu inazama, vyuma vinashuka. Kwahiyo kabla ya kununua chochote pima jinsi pikipiki inavyozama ukiikalia na nguo zako zote za kukimbizia, uwanjani wengi wanalenga milimita 30 hadi 35. Ikizama zaidi kaza springi ya nyuma kidogokidogo, na kama umefika mwisho wa kukaza na bado inazama sana basi springi ni laini kwa uzito wako, hiyo ndo ya kubadilisha. Na acha kufunga mafuta ghafla katikati ya kona! Ukifunga, foku (shokapu za mbele) zinazama na ile nafasi yote uliyokuwa nayo inaisha hapohapo. Shika mafuta kidogo, yasiyotikisika.

Ukishafanya hayo na kurekebisha mwili kama nilivyomwambia mdogo wangu hapo juu, na bado inakwangua, sasa nunua futresti za kupandisha. Ujue tu magoti yatakunjwa zaidi na mwisho wa siku utayasikia.

Kwangu kinachokwangua ni kiatu, sio pikipiki.

Dada, unakanyagia katikati ya unyayo. Kabla ya kona rudisha mguu ukanyagie pale nyuma ya vidole, kidole gumba kiegemee ndani. Inatosha.

Nikihama upande katikati ya kona pikipiki inayumba, na mikono inaniuma baada ya raundi chache.

Hayo ni tatizo moja. Unajishikilia kwa usukani. Kila ukivuta au kusukuma usukani pikipiki inapokea kama amri ya kugeuka, ndo maana inayumba. Miguu ndo ya kujishikilia: goti na paja la nje libane tangi kwa nguvu, mguu ukandamize futresti, na mikono iwe laini kiasi kwamba unaweza kupigapiga viwiko kama mabawa. Na hama mapema, kabla hujashika breki pikipiki ikiwa bado imenyooka, ukifika kwenye kona kazi iliyobaki ni kugeuza tu.

Naendesha boda Dar, Boxer. Naweza kutumia mtindo huu barabarani?

Hapana ndugu yangu. Nakuomba kabisa usijaribu. Barabarani kuna mchanga, dizeli iliyomwagika, bajaji inayotokea ghafla, na abiria nyuma anayezidi kuzamisha shokapu wakati stendi ya kati iko chini tayari. Punguza spidi. Ile kona ya mita 50 niliyotaja mwanzo, ukishuka kutoka 80 kwenda 70 unatoka digrii 45 mpaka kama 38.

Niko Doha, nafanya mazoezi uwanja wa Lusail. Kulia nalala vizuri, kushoto naogopa.

Wengi wana upande mmoja mzuri, lakini kwako kuna sababu nyingine ya kweli. Lusail ina kona 16, 10 za kulia na 6 za kushoto, kwahiyo ubavu wa kushoto wa tairi unafanya kazi kidogo na unapoa haraka zaidi. Uwanja wa Sachsenring kule Ujerumani ni kinyume, 10 za kushoto na 3 tu za kulia, na ile kona ya 11, ya kulia, inayokuja baada ya mfululizo wa kushoto, imeangusha mabingwa. Kwahiyo hofu yako ina msingi, isikilize. Raundi za mwanzo ingia kona za kushoto taratibu, fungua mafuta polepole ukiwa unainuka, na mkao wa kushoto ufanyie mazoezi garaji, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya nyuma na mwenzako ameishika, mpaka mguu wa kulia uzoee kubana tangi.