Maswali na majibu: Stelingi naye ana ya kujibu

Barua za safari hii ni za filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na nyingi zinauliza jambo lile lile: mbona siku hizi stelingi na adui wanakaribiana hivi? Nimechagua chache.

Rafiki yangu anadai kwamba katika The Dark Knight (2008) Batman ni mhalifu tu aliyevaa kinyago. Nimjibu nini? – Msomaji, Morogoro

Mwambie ana hoja. Batman anakwenda mpaka Hong Kong kumteka mtunza fedha wa majambazi na kumrudisha Gotham bila kibali cha mtu. Anamwachia Maroni, mkuu wa majambazi, aanguke kutoka juu, akijua fika kwamba atavunjika miguu na hatakufa. Halafu linakuja la simu.

Kaitazame tena sehemu ile. Lucius Fox, anayemtengenezea Batman vifaa, anaingia chumbani, anakuta ukuta mzima wa skrini, na anaelewa papo hapo kwamba kila simu ya mji imegeuzwa sikio la Batman. Anamwambia usoni kwamba hili ni kosa. Atasaidia mara hii moja tu, na mtambo ukiendelea kuwepo, yeye kazi basi. Adui mkuu, Joker, anakamatwa, Fox anaandika jina lake kwenye mtambo, nao unajiteketeza.

Naipenda sana filamu hii, lakini hapo imetupiga chenga. Ni mkubwa gani uliyewahi kumsikia amepata mtambo wa kusikiliza raia, akautumia usiku mmoja, kisha akakubali uvunjwe? Na wale wenye simu hawakuambiwa kitu. Mimi shujaa wa aina hii nampima kwa swali moja: gharama ameibeba nani, na je, aliulizwa?

Mimi na kaka yangu hatuelewani kuhusu Black Panther. Yeye anasema Killmonger alikuwa sahihi. – Dada wa Kisumu

Kuhusu kidonda cha Killmonger, adui wa filamu hiyo, kaka yako hajakosea. Mwaka 1992, kule Oakland, Mfalme T'Chaka wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, alimuua ndugu yake wa damu, akamwacha mtoto wa marehemu peke yake na kurudi nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtoto huyo ndiye Killmonger. Na anapouliza Wakanda ilikuwa wapi wakati Weusi wenzao wakiteswa duniani, hakuna anayempa jibu la maana.

Tatizo ni kwamba watengenezaji wa filamu walijua tungempenda kupita kiasi, wakaanza kumpaka matope. Anampiga risasi mpenzi wake mwenyewe. Anamkaba koo mama mzee anayetunza bustani ya kifalme, kisha anaamuru mimea yote ichomwe. Ukitoka hapo unaweza kumchukia bila kujisumbua na hoja yake.

Ila mwambie kaka amsikilize Nakia, yule aliyeigizwa na Lupita Nyong'o wenu. Tangu mwanzo anasema hawezi kustarehe Wakanda huku watu nje wakitaabika. Hoja ni ile ile, na hakumkaba mtu. T'Challa, mwana wa T'Chaka na mfalme mpya, yaani Black Panther mwenyewe, hamsikii mpaka damu imwagike. Kwangu mimi doa kubwa la mfalme huyu ni hilo, ingawa baadaye anasimama mbele ya wahenga na kuwaambia walikosea.

Kwa nini watu walikasirika Superman alipomuua Zod? Si adui yule? – Msomaji, Dodoma

Waliozoea Superman asiyeua waliumia. Mimi hilo silioni kubwa: Zod alikuwa anakaribia kuiunguza familia iliyobanwa ukutani, Superman akamsihi aache, akakataa. Kilichonikera katika Man of Steel (2013) ni yale maghorofa yanayoporomoka kabla ya hapo bila kamera kugeuka kuwatazama waliomo ndani. Filamu iliyofuata, ya 2016, mapema kabisa ilimwonyesha Bruce Wayne, yaani Batman bila kinyago, akikimbia katika vumbi lile lile kutafuta wafanyakazi wake. Naona malalamiko yalifika.

Mashujaa wa zamani walikuwa wasafi kuliko hawa, sivyo? – Mzee wa Tanga

Hapana, mzee wangu. Batman alipotokea mara ya kwanza kwenye kitabu cha katuni, Mei 1939, alimtwanga mhalifu akatumbukia kwenye tangi la asidi, na wala hakuonyesha kujuta. Usafi ulikuja baadaye, na mwaka 1954 wachapishaji wa vitabu hivyo Marekani wakajiwekea kanuni kwamba wema lazima ushinde kila mara. Waliokulia kwenye vitabu vya baada ya hapo wakaamini ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Mwanangu ana miaka tisa na anang'ang'ania kuona Joker ya 2019. Nimruhusu? – Mama, Mombasa

Hapana, mama. Jina la Joker lisikuhadae. Uingereza filamu ile ni ya miaka 15 kwenda juu, na kwa haki kabisa. Muwekee Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018). Humo Miles, kijana anayegeuka Spider-Man, anagundua kwamba ami yake, yule anayempeleka kuchora ukutani na kumtia moyo, ndiye muuaji anayemwinda. Kaa naye mtazame pamoja, maana atakuuliza ami yule ni mtu mbaya au mzuri, na usiharakishe kumjibu. Joker atamkuta akishaota ndevu.