Madirisha kutoka jasho kwenye fleti mpya Ujerumani: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umesema kila asubuhi vioo vinatiririka maji na ukuta wa nyuma ya kabati umeanza fangasi, na nyumba ni mpya kabisa. Pole sana. Hayo yalinikuta mwaka wangu wa kwanza huku.

Sisi tumekulia nyumba zinazojipitishia hewa: matundu juu ya dirisha, nyavu, uwazi chini ya bati. Hizi za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na unyevu nao unabaki humo humo. Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo, hutoa kama lita 10 za maji kwa siku.

Kosa langu ni kwamba juu ya dirisha la chumbani kulikuwa na kitundu cha hewa, kinaleta kibaridi, nikakiziba kwa tepu. Tukawa tunaamka vichwa vizito, mtoto anakohoa. Jamaa mmoja akaniazima kipimo cha hewa ukaa, alfajiri kikasoma ppm 2,600, yaani sehemu 2,600 katika kila sehemu milioni za hewa! Nje ni kama 420, na Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa afya wa Munich, alishasema tangu 1858 kwamba ndani isizidi 1,000. Iliniuma mno, maana mwanangu alikuwa amelala humo majira yote ya baridi. Tepu niliibandua asubuhi ile ile.

Usiache dirisha limeinamishwa (limefunguka kidogo tu kwa juu) kutwa. Ukuta wa pembeni yake unapoa, na maji hukimbilia penye baridi. Zima hita, fungua madirisha yanayotazamana wazi kabisa dakika 5 hadi 10, halafu funga. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, hata kukiwa na mvua. Hewa ya baridi hubeba unyevu mchache, ikishapata joto ndani inakausha nyumba, na kuta hazijapoa bado.

Kama mna mashine ya kubadilisha hewa, msiizime kwa kuogopa bili. Hewa inayotoka huiachia joto ile inayoingia bila kuchanganyika nayo. Ulizia tu chujio lilibadilishwa lini.

Kabati livute sentimita 10 kutoka ukutani. Fangasi ipige picha kabla hujaisafisha, umwandikie mwenye nyumba, na uandike kila saa unayofungua madirisha. Wangu alidai hatupitishi hewa. Nikamwonyesha daftari, akaleta fundi, na feni ya bafuni ikakutwa haivuti kabisa.