Maswali na majibu: muvi na dokumentari za makumbusho ya taifa, uanze na ipi?

Haya jamani, tangu niandike kwamba wikiendi yangu nzima niliimalizia kwenye dokumentari za makumbusho, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua machache. Mengine yalifanana nimeyaunganisha, msinune.

"Dada habari za saa hizi. Nina muda wa kuangalia moja tu, niangalie ipi?"

Nzuri kabisa. Angalia Dahomey ya Mati Diop, ya mwaka 2024, ile iliyochukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Ni fupi, saa moja na dakika kama nane hivi, kwa hiyo hata bando halitalia sana.

Habari yenyewe ni hivi. Mwaka 1892 jeshi la Ufaransa chini ya Kanali Dodds liliingia Abomey, makao ya wafalme wa Dahomey (Benin ya leo), wakabeba viti vya enzi, milango ya ikulu, sanamu za wafalme, wakaondoka navyo. Novemba 2021 vitu 26 vikarudishwa Benin kutoka makumbusho ya Quai Branly, Paris. Filamu inavifuata safari yote, kuanzia vinavyofungwa kwenye masanduku mpaka vinafunguliwa Cotonou. Sasa kuna sehemu sanamu ya mfalme Ghezo inalazwa kwenye sanduku, kamera iko humo ndani pamoja naye, mfuniko unashuka, unasikia drili inakaza skrubu moja baada ya nyingine, kisha giza tupu, skrini nyeusi tii, na ndani ya lile giza sanamu inaanza kuongea Kifon, inalalamika kwamba jina lake limekuwa namba, ishirini na sita. Mimi hapo nilisimamisha kwanza nikakaa kimya. Nimeshaona picha za sanamu zile mara nyingi ila sikuwahi kufikiria kwamba kuna mwenyewe humo ndani ambaye hajaulizwa kitu miaka yote hiyo.

Halafu usiizime katikati ukidhani imeisha vitu vilipofika, maana utamu mwingine uko kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi wanavyobishana. Kuna anayefurahi, kuna anayesema vitu 26 ni kama dharau ukilinganisha na vilivyobaki huko (Quai Branly peke yake ina vitu kama 70,000 vya Afrika kusini mwa Sahara), na kuna anayesema utoto wake wote aliangalia katuni za nje na hakuna hata moja ya mfalme Béhanzin. Hakuna anayepewa ushindi, na mi naona ndivyo ilivyotakiwa.

"Kwani Waafrika ndo wameanza juzi kutengeneza filamu kuhusu hivi vitu? Mbona naona watu wanashangaa kama ni jambo jipya?"

Umeuliza swali ambalo linaniuma kidogo, kwa sababu hapana, si jipya hata kidogo. Mwaka 1970 Mghana aliyekuwa amesomea filamu London, Nii Kwate Owoo, aliomba kuingia stoo za chini za British Museum akapewa siku moja tu. Siku moja! Akatoka na filamu ya dakika kama 16, nyeusi na nyeupe, inaitwa You Hide Me. Ndani yake unaona masanduku ya mbao yanafunguliwa, mifuko ya plastiki inafunuliwa, vinatoka vinyago na shaba ambavyo mgeni aliyelipa nauli kuja kutembelea makumbusho ile asingeviona kamwe maana havikuwekwa juu kwenye vioo, vilikaa chini gizani. Yaani jina la filamu ndo hoja yenyewe, unanificha.

Na kabla yake, mwaka 1953, kulikuwa na filamu ya Wafaransa iliyoagizwa na jarida la Présence Africaine, ikiuliza kwa nini sanaa ya Afrika inawekwa huko kwenye makumbusho ilikowekwa na nini kinaipata ikishafika huko. Serikali ya Ufaransa iliifungia kwa miaka, sababu sehemu ya mwisho ilisema wazi juu ya ukoloni. Kwa hiyo mtu akikuambia mjadala wa kurudisha vitu umeletwa na mitandao ya kijamii, mwambie umewazidi umri wazazi wake.

"Dokumentari nyingi za makumbusho zinaboa, sauti nzito inasoma tarehe na picha inasogea polepole. Kuna isiyo hivyo?"

Ipo, lakini nakuonya ni ndefu, saa tatu. National Gallery ya Frederick Wiseman, mwaka 2014, imeshutiwa kwenye jumba la picha la taifa la London. Hakuna sauti ya msimulizi, hakuna mtu anayehojiwa, hakuna maandishi ya kukuelekeza, umewekwa tu pale ukae uangalie watu wakifanya kazi. Mikutano ya bajeti, mafundi wanapanga taa, mtaalamu anasafisha picha kwa kijipamba kwenye ncha ya kijiti, nusu ya uso umeshang'aa nusu bado wa njano.

Ila kitu kimoja kwenye ile filamu sijakisahau. Watu wasioona wamekaa mezani, kila mmoja ana karatasi yenye picha ya mchoraji Pissarro ya barabara ya Paris usiku, imechapwa kwa mistari iliyoinuka, na mwalimu anawaelekeza taratibu vidole viende wapi, hii ndio barabara, haya ndio majengo. Unaona vidole vinatembea mtaani. Hakuna msimulizi ambaye angeniambia hilo vizuri kuliko vile vidole. Ndio maana mi nawatetea wanaoshuti kazi za ndani za makumbusho kuliko wanaozungusha kamera kwenye kabati la vioo, maana kabati hata mwenyewe ukienda utaliona.

"Zile muvi za watu kukimbizana ndani ya makumbusho, wanashuti kweli mle au seti?"

Mara nyingi seti. Ile Night at the Museum ya 2006, ya vitu kuamka usiku, kumbi nyingi unazoziona zilijengwa studio huko Vancouver, Kanada, ingawa hadithi iko New York. Watoto wataipenda, waangalie tu.

Ya zamani zaidi ndo inanifurahisha. Mwaka 1929 mwongozaji Hitchcock alitaka mtu akimbizwe ndani ya British Museum na mwanga mle ulikuwa hafifu mno kwa kamera za wakati ule. Basi wakapiga picha za kawaida za kumbi, wakaweka kioo cha kujitazamia kwa mshazari mbele ya kamera ili kiakisi ile picha, halafu wakakwangua rangi ya fedha nyuma ya kioo pale tu anapotakiwa mwigizaji aonekane. Kamera inaona picha ya ukumbi na mtu anayekimbia kwa pamoja, wewe unaapa yuko ndani.

Sasa kama unataka ya kweli kabisa, tafuta Russian Ark ya Sokurov. Tarehe 23 Desemba 2001, ndani ya makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, Urusi, wameshuti dakika 96 bila kukata hata mara moja, kumbi 33, waigizaji zaidi ya elfu mbili na nguo zao za karne tofauti, mpiga kamera mmoja kajifunga kamera mwilini anatembea nayo mwanzo mpaka mwisho. Walikosea mara tatu mwanzoni wakaanza upya, ya nne ndo ikatoka. Ni majira ya baridi, mchana wenyewe wa saa chache, kwa hiyo hakukuwa na kesho.

"Tuliomba kushuti kwenye makumbusho, tukaambiwa taa hapana, flashi hapana, stendi hapana. Si roho mbaya hiyo?"

Naelewa hasira, ila hapana si roho mbaya. Mwanga unakula vitu, na kibaya zaidi unajumlishwa, kila dakika inaongezwa kwenye dakika za miaka iliyopita na rangi ikishapauka hairudi. Nguo za zamani na karatasi kawaida zinawekewa mwanga wa laksi 50 tu, ni ule mwanga wa kuyafanya macho yachukue muda kuzoea. Taa zenu za kushutia ni mara nyingi zaidi ya hapo, tena zingine zina joto.

Rudini na barua ambayo inasema mnataka kushuti kitu gani kwa jina, dakika ngapi, watu wangapi, na kwamba mtatumia kamera inayoona vizuri gizani. Ukiandika "tunaomba kushuti makumbusho" bila maelezo, mtu wa upande wa pili hana cha kukubali. Na mwombeni mtunzaji ahojiwe akiwa kazini kwake, sio mbele ya bango.

"Kuna ugunduzi wowote mkubwa ulionaswa na kamera tangu mwanzo?"

Karibu sana na hilo: fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Julai 1959 kule Olduvai, Mary na Louis Leakey walikuwa wanamsubiri mpiga picha Des Bartlett afike ndo waanze kuchimba, ili kazi yote ionekane kwenye filamu. Tarehe 17 wakati wa kusubiri, Mary akawa anazunguka na mbwa wake, Louis mgonjwa kalala kambini, akaona mfupa umechomoza. Kwa hiyo kulichimbua fuvu kukarekodiwa. Leo fuvu lenyewe ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

"Nina klipu kibao za simu nilizopiga makumbusho kwenye ziara ya shule. Nifute? Simu imejaa."

Usifute kwanza, nakuomba. Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, iliungua usiku ikiwa na vitu kama milioni 20, vikiwemo rekodi za lugha za wenyeji ambazo baadhi hazina tena mzungumzaji. Wanafunzi wa fani ya makumbusho wa chuo kimoja pale pale wakatangaza wanaomba picha na video za yeyote aliyewahi kutembelea. Watu wakatuma kwa maelfu, selfi, klipu za kutikisika, mtoto amesimama mbele ya mifupa ya dinosaria. Kwa kabati ambalo sasa ni majivu, ile selfi ndo kumbukumbu iliyobaki. Hamishia kwenye kompyuta au diski, andika tarehe na jina la ukumbi, basi.

"Shikamoo dada. Babu ameacha makopo ya rili za filamu, tukifungua yananuka siki. Zimeharibika?"

Marahaba mdogo wangu. Ndio zimeanza, ila hazijafa. Ile plastiki ya filamu ikizeeka inatoa asidi ileile ya siki, na mvuke wake ukibaki ndani ya kopo unaharakisha uozo, unaambukiza na rili za jirani. Mi nimewahi kufungua kopo moja harufu ikanipiga mpaka machozi, filamu imejikunja kama gome la mti, na bado picha zilikuwepo ukiinua kwenye mwanga, watu wadogo wadogo wamesimama kwenye mstari.

Tenga zinazonuka na zisizonuka. Ziweke sehemu kavu yenye ubaridi, kopo lipate hewa. Usiziingize kwenye projekta ya zamani hata ukishawishika, zimesinyaa na meno ya mashine yatazichana. Andikeni sasa hivi kila anachokumbuka bibi kuhusu nani yumo, wapi, mwaka gani, halafu pelekeni kwenye nyaraka za taifa au makumbusho ya taifa muulize nani anaweza kuziskani. Mkienda, bebeni rili moja tu kwanza na ile karatasi ya bibi.